Upanga wa Jenerali Drosedow, Sehemu ya Tisa: Waache Wakimbie

Mkono wa Kanali Uttenhagen bado umenyooka, msomaji. Wiki nzima tumemwacha hivyo hivyo, kiganja juu, akingoja upanga wa mtu aliyemzidi cheo, umri na makovu.

Jenerali Achaz von Drosedow hakuutoa.

"Kwa jina la nani?" akauliza.

"Kwa jina la Mfalme, Bwana Jenerali. Nilishasema. Usinifanye niseme mara mbili."

"Lakini mimi napenda watu waseme mara mbili, Kanali. Jeshi zima la Prussia linanijua kwa hilo."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wawili tu, ndani ya kinu cha unga kijijini Zdarek, nchi ya Bohemia. Msagaji alikuwa amekimbia vita, ameacha unga wake umetanda kila mahali, na sasa ulikuwa mabegani mwa wakubwa hao wawili kama mvi zilizoshuka kutoka kichwani. Nje, mvua ya Julai.

"Jana amri ilikuwa moja," Kanali akasema. "Asivuke mtu kijito. Batalioni ya pili ikavuka. Ikakimbilia kwenye majani ya tope, na mizinga ya Waaustria iko kilimani inaisubiri. Leo nusu ya batalioni imelala chini ya turubai. Nani aliwatuma?"

"Si mimi."

"Basi ni nani? Upepo?"

Swali hilo ndilo lililomla Jenerali tangu jana. Alikuwa na darubini jichoni. Aliwaona vijana wa kwao, Wapomerania, watoto wa wavuvi na wachunga mabata bukini, wakitoka mstarini na kuanza kukimbia. Yeye hakuwatuma. Angeapa juu ya kaburi la mamaye kwamba hakuwatuma.

Uani majeruhi waliokuwa wakisubiri mkokoteni walikuwa wakiimba. Si wimbo wa kanisani.

*Baba Rudia kasema, nasi sote twarudia;*
*tukaenda hima hima, nusu tukaangamia.*

Baba Rudia. Hilo ndilo jina walilompa. Zamani lilikuwa jina la mapenzi.

Mlangoni walisimama walinzi wawili: Koplo Krischan Puhl, Mpomerania mwenye masharubu ya moshi wa kiko, na Fiedler, kijana wa Brandenburg, mtoto wa mlinzi wa misitu ya Mfalme. Walikuwa wakinong'ona, na mlango wa kinu ulikuwa na nyufa.

"Afande koplo, kweli watamvua upanga?"

"Funga bakuli lako."

"Nauliza tu. Nina njaa, nikiuliza njaa inapungua."

"Mtoto wa msituni ana njaa! Huko kichakani hukuona hata sungura?"

"Nilimwona asubuhi. Amekaa, ananitazama kama padri. Sungura aliyekaa hapigwi, afande. Kwanza unamwacha akimbie, ndipo unapiga. Baba angefufuka anizabe kofi."

"Ndiyo maana kikosi kinalala na njaa. Wewe na heshima zako kwa sungura."

Ndani, Kanali aliteremsha mkono wake uliochoka.

"Bwana Jenerali, nitakuwa mkweli. Makao makuu hayataki kukupoteza. Kesho kutwa kuna pigano kubwa, na ubavu wa kulia hauna kichwa ila chako. Nipe jina la mtu mwingine. Jina moja tu. Nami nitaondoka, upanga ubaki kiunoni."

Kabla Jenerali hajajibu, mlango ukagongwa.

"Kuna afisa, afande!" Krischan akaita. "Amefufuka!"

Aliyeingia alikuwa amefungwa mkono kwa kitambaa, koti limekauka damu, uso mweupe kama ule unga. Ni Kapteni Botho Rehnitz, mpambe wa Jenerali, yule ambaye tangu jana alihesabiwa katika maiti. Ndiye aliyebeba amri zote za siku ile, kutoka kinywa cha Jenerali hadi kwa batalioni. Na ndiye mchumba wa Ulrike, binti pekee wa Jenerali.

Moyo wa mzee uliruka kama wa mvulana.

"Rehnitz! Uko hai!"

"Niko hai, Bwana Jenerali. Naomba radhi kwa kuchelewa."

"Sema sasa, mbele ya Kanali. Nani aliituma batalioni ya pili ivuke kijito?"

Kapteni alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake.

"Wewe, Bwana Jenerali."

Tone la mvua lilidondoka toka darini, likafanya shimo dogo ndani ya unga.

"Umepigwa kichwani," Jenerali akasema polepole.

"Nimepigwa mkononi. Kichwa ni kizima. Nilikuja kwako mbio nikasema: 'Waaustria wanarudi nyuma, batalioni ya pili inaomba maelekezo.' Wewe ulikuwa na darubini jichoni. Hukugeuka. Ukasema neno."

"Neno gani?" Kanali akadakia.

"'Waache wakimbie.' Nami nikarudia: 'Waache wakimbie, kwa amri!' Bwana Jenerali akasema, 'Vema.' Nikapanda farasi. Nikaiambia batalioni ikimbie. Nikakimbia nayo."

Kanali akapiga kiganja mezani, unga ukaruka. "Basi! Amri imetolewa, imerudiwa, imethibitishwa. Hakuna shaka tena."

Lakini Jenerali hakumsikia. Alikuwa mbali, upande wa bahari ya baridi, katika ua wa baba yake.

Baba yake alikuwa na shamba dogo, madeni makubwa na bata bukini wasio na adabu. Mabata wakivunja uzio na kuingia shayirini, watumishi wakianza kupiga kelele, mzee alitoa kiko kinywani akasema: "Waache wakimbie." Huko Pomerania kila mtoto anajua maana yake. Maana yake ni achana nao. Kaa ulipo. Hawastahili jasho lako.

Waaustria walikuwa wanakimbia. Jenerali alisema neno la baba yake. Kaeni mlipo, hawastahili jasho lenu!

Lakini Rehnitz hakuzaliwa kati ya mabata bukini. Alizaliwa Berlin, mtoto wa profesa. Alisikia "waache", akaona batalioni iliyobana pumzi ikisubiri kuachiliwa. Alisikia "wakimbie", akaona ushindi.

Neno moja. Masikio mawili. Na kati yake, msomaji, maiti za vijana chini ya turubai.

Jenerali aliinua macho. Kapteni alikuwa akimtazama, na kitu kilikuwa kimeanza kuuvunja uso wake kutoka ndani. Alikuwa amekaa na Wapomerania miaka mitatu. Alikuwa ameshalisikia neno lile kambini, wakati wa kucheza karata, wakati wa ugomvi. Sasa hivi tu, akilitamka kwa kinywa chake, alikuwa amelisikia upya.

"Bwana Jenerali," alinong'ona. "'Wakimbie'... wao nani?"

Swali hilo, lingeulizwa jana, lingekula pumzi moja tu.

Kwa nini hakuuliza? Jenerali alijua kwa nini. Na nyinyi mliokuwa nasi tangu sehemu ya kwanza mnajua.

Achaz mdogo aliingia shule ya makadeti akiwa na kichwa kilichonyolewa na meno ya utotoni. Wakaamriwa wachimbe shimo kwenye theluji, kisha walifukie. Akauliza: "Kwa nini?" Wakamsimamisha nje, bunduki mikononi, mpaka vidole viwili vya mguu vikafa. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, na alipopata cheo hakukubali kuulizwa. Akapanda: luteni, kapteni aliyekaa kapteni mpaka nywele zikanyonyoka, meja, kanali. Huko Denmark alipanda ngome akiwa na risasi pajani. Akawa jenerali. Na kila alikopita aliacha sheria moja, akaifanya sifa yake: *Afisa wangu haulizi. Afisa wangu anarudia.*

Miaka mitatu iliyopita, kwenye mazoezi ya Stettin, kapteni mpya alithubutu kumuuliza maana ya amri. Jenerali alimwita mbele ya rejimenti nzima. "Kapteni," alimwambia, "masikio yako yako likizo? Yaandikie barua yarudi." Watu elfu walicheka.

Kapteni yule alikuwa Botho Rehnitz. Hakuuliza tena.

"Nimeelewa!" Kanali akasema ghafla, akitazama uso huu na ule. Hakuwa mjinga. "Kuna maana mbili! Basi hapa ndipo pa kupumulia. Bwana Jenerali alisema sawa, Kapteni alisikia vibaya. Jina nimelipata. Rehnitz."

"Kanali..."

"Bwana Jenerali, fikiri kabla hujasema. Makapteni wako wengi. Wewe ni mmoja. Sema tu: 'Alinielewa vibaya.' Maneno mawili, na ubavu wa kulia una kichwa tena."

Maneno mawili! Na yote mawili ni kweli, hilo ndilo lililouma. Jenerali aliyahisi ulimini, mepesi. Maisha mazima ya kazi yalikuwa yamesimama nyuma yake, yakimsukuma mgongoni: sema, mzee, sema.

Kapteni Rehnitz alipiga visigino.

"Bwana Jenerali, naomba ruhusa niende chumba cha pili."

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayekwenda kunywa maji. Lakini mkono wake mzima ulikuwa juu ya mkoba wa bastola. Katika jeshi lile, afisa aliyepoteza watu kwa kosa lake hangoji mahakama. Wenzake hutoka, mlango hufungwa, na hakuna anayeshtuka mlio ukisikika.

Kanali aligeukia dirishani, akaanza kuitazama mvua kwa bidii kubwa.

"Ruhusa hakuna," Jenerali akasema.

"Bwana Jenerali, nakuomba. Nitawatazamaje wale walioko uani? Nitamtazamaje Ulrike?"

"Simama wima! Sikiliza amri. Hutakufa leo. Rudia!"

"Sita... sitakufa leo. Kwa amri."

"Vema." Kisha, kwa sauti ambayo hakuna mpambe aliyewahi kuisikia, mzee akaongeza: "Una swali, Botho?"

Katika miaka mitatu Kapteni hakuwahi kuitwa jina hilo, wala kuulizwa jambo hilo.

"Kwa nini?" alisema, na machozi yakamtoka. "Kwa nini nisife?"

"Kwa sababu hukukosea. Mimi ndiye niliyekufundisha usiulize. Umehitimu vizuri mno."

Jenerali alifungua mkanda. Upanga ulitoka kiunoni, nao ulikuwa mzito kuliko siku aliyopewa. Akaulaza mezani, juu ya unga.

"Andika, Kanali. Drosedow alisema washambulie. Kapteni alifikisha amri kama alivyopewa."

"Lakini si kweli!"

"Amri imetolewa, imerudiwa, imethibitishwa. Ni maneno yako mwenyewe. Hakuna shaka tena."

Kanali aliuchukua upanga kama mtu anayeokota mtoto wa mwenzake. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haya pia.

"Basi uko kizuizini, Bwana Jenerali. Amri yako yoyote kuanzia sasa si amri. Divisheni ninaishika mimi. Nipe neno la heshima kwamba hutavuka lango la uani."

"Nakupa neno la heshima."

"Neno lako linanitosha." Akafungua mlango, akawaambia walinzi: "Jenerali akivuka lango, pigeni. Hiyo ni kwa ajili ya taratibu tu."

"Akivuka lango tupige, kwa amri," Krischan akarudia, na masharubu yake yalionekana kuzeeka papo hapo.

Walinzi wakaenda langoni. Jenerali akaketi juu ya gunia. Amebakiwa na nini? Jina lake litafutwa. Vijana uani watamtungia ubeti wa pili. Lakini neno la heshima bado analo, na Mprussia mwenye neno lake hajawa maskini kabisa.

Hakukaa nalo muda mrefu.

Ngurumo. Ile ya kwanza wangeweza kuidhani radi. Ya pili ilitikisa madirisha.

Mpanda farasi aliingia na tope mpaka kwenye kope. "Bwana Jenerali! Waaustria wameshuka tena kijitoni! Batalioni ya kwanza iko juu ya mteremko, meja anauliza: tufanye nini?"

Jenerali alikuwa ameshafungua kinywa. Kanali akaingia katikati.

"Mimi ndiye mkuu hapa. Unaniambia mimi."

"Bwana Kanali! Tufanye nini?"

Kanali Uttenhagen alikuwa mtu wa ramani. Penseli yake ilikuwa hodari kuliko penseli zote za Berlin. Lakini hajawahi kusimama mbele ya mtu mwenye tope kwenye kope anayengoja jibu sasa hivi. Bomu la tatu lilipiga karibu na bwawa la kinu.

"Warudishe!" akapiga kelele. "Upesi! Warudishe!"

"Warudishe, kwa amri!" Mpanda farasi akageuka. Kwato zikagonga daraja dogo la kinu, zikapotea.

Na hapo, msomaji, Kapteni Rehnitz alipiga hatua moja mbele. Alikuwa bado na machozi shavuni.

"Bwana Kanali, naomba kuuliza."

"Si wakati wa kuuliza!"

"Ndiyo wakati wake. Warudishe... wao nani?"

Kanali alimgeukia kwa ghadhabu. "Swali gani hilo la kitoto? Warudishe... Waaustria, bila shaka. Wapigwe, warudi ng'ambo. Au..." Alisita. "Batalioni irudi nyuma, kwenye usalama, kwa sababu..."

Jenerali aliona: Kanali mwenyewe hakujua.

Kama meja ataelewa kwamba Waaustria warudishwe, batalioni ya kwanza itateremka kwenye tope lile lile, na mizinga ile ile. Kama ataelewa kwamba yeye mwenyewe arudi nyuma, ghala la majeruhi lililo chini ya mteremko litabaki wazi, na ndani yake kuna watu wasioweza kutambaa. Amri sahihi ilikuwa moja tu, ndogo, ya kipumbavu: kaeni mlipo.

"Mtume Kapteni amkimbilie!" Jenerali akasema.

"Ana mkono mmoja, hawezi kumfikia! Na wewe huna amri hapa!" Kanali akapapasa mezani. "Ngoja, nifikiri... ngoja, ramani..."

Jenerali alitoka.

Mvua ilimpokea. Farasi wa Kanali alikuwa amefungwa kando ya lango, mrefu, mweusi, hajachoka. Mzee alishika hatamu. Majeruhi waliacha kuimba. Walikuwa wanatazama kiuno chake kilichokuwa kitupu.

Bunduki ya Krischan ilimzuia kifuani.

"Bwana Jenerali," Koplo alisema, sauti inakwaruza. "Huna upanga. Na umetoa neno. Nilisikia mwenyewe, mlango una nyufa."

"Nimelitoa, Krischan. Sasa nalivunja."

"Afande, hilo ndilo la mwisho ulilokuwa nalo."

"Najua. Wenzetu walioko ghalani hawana hata hilo. Ondoa bunduki, au nipige hapa hapa uniokolee safari."

Wapomerania wawili walitazamana ndani ya mvua. Kisha mtutu wa Krischan ukashuka, polepole.

Jenerali alipanda kwa shida, paja lile la Denmark likigoma. Akampiga farasi visigino. Akavuka lango.

"Anakwenda!" Fiedler akapiga kelele, akikimbia kutoka upande wa pili. "Afande koplo, amevuka! Tufanye nini?"

Krischan hakugeuka. Alikuwa anatazama mgongo wa mzee ukipungua barabarani. Alisema lile ambalo kila baba wa kwao angesema, kiko mkononi, mambo yakishavuka uzio.

"Mwache akimbie."

Achana naye, kijana. Tazama pembeni.

Lakini Fiedler alikuwa mtoto wa mlinzi wa misitu. Alitandaza miguu kwenye tope. Akainua bunduki begani, akafumba jicho moja, akaufuata kwa mtutu mgongo wa mzee uliokuwa sasa umeanza kwenda mbio.

"Mwache akimbie," akarudia, vizuri kabisa, kama walivyofundishwa. "Kwa amri."